Kinga ya saji ya nyumba nzima kabla mvua hazijaanza: ukodi au ununue, na ifungwe vipi mpaka ifanye kazi

Kila ikikaribia Oktoba, mawingu yakianza kujikusanya juu ya mlima Loleza hapa Mbeya, maswali yanakuwa yale yale. Friji iliungua na radi mwaka jana, nifanyeje isijirudie? Kile kidude cha kwenye DB (boksi la breka za nyumba) kinasaidia kweli au ni kuliwa hela? Na siku hizi limeongezeka jingine, mtu ana ndugu yake Marekani anamwambia huko kinga ya nyumba nzima unailipia kila mwezi kama king'amuzi, sasa na sisi tukodi au tununue? Nimeamua niyaweke yote hapa hatua kwa hatua, ukimaliza kusoma uweze kuingia dukani na kuongea na fundi bila kupelekeshwa.

Nazungumzia nyumba ya kawaida yenye LUKU, umeme wa njia moja (single phase) wa volti 230. Wenye njia tatu, mashine za kusaga na karakana, nitawagusia njiani.

Kwanza tuelewane hapa. Saji ni umeme unaopanda ghafla kwenye waya, na saji protekta ndo hiyo kinga yake ya kwenye DB. Haizuii radi kupiga nyumba. Radi ikitua kwenye bati lako moja kwa moja hiyo ni kazi ya kinga radi ya juu ya paa na shaba yake inayoshuka mpaka ardhini, habari nyingine kabisa. Saji protekta kazi yake ni ile radi iliyopiga nguzo, mti au kilima cha jirani, alafu nguvu yake ikapanda kwenye waya na kuja mpaka kwenye soketi zako. Na hiyo ndo inayounguza vitu vingi huku kwetu, maana laini zetu zinapanda na kushuka milima, ukipita barabara ya Uyole kwenda Tukuyu au ukiingia vijiji vya Mufindi kutokea Mafinga unaona waya uko hewani kilomita na kilomita, kwa hiyo radi haina haja ya kuijua nyumba yako. Kufunika vioo na kuvua nguo nyekundu ni mambo ya wazee wetu, siyabishii, ila friji hailindwi na hayo.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Picha ya DB yako ikiwa wazi, imepigwa na fundi, usifungue mwenyewe. Ionekane mein swichi, ELCB (kile kinachokata umeme ukivuja) kama ipo, na breka zote.
- Kujua ethi rodi yako, ile fimbo iliyopigiliwa ardhini ya kupeleka umeme wa ziada chini, iko wapi. Wengi hawajui, wanajua tu "ipo".
- Nafasi ya moduli mbili (upana wa breka mbili ndogo) kwenye DB, au sehemu ya kuweka boksi dogo pembeni yake, liwe limegusana na DB kabisa, sio upande wa pili wa ukuta.
- Fundi mwenye leseni ya EWURA. Omba uishike mkononi mwako uione, leseni ina jina na tarehe ya mwisho.
- Kipima ethi. Fundi awe nacho au akiazime. Maltimita ya kawaida haipimi ethi, hata ikiwa ya bei kubwa.
- Kama umepanga, makubaliano na mwenye nyumba, hata ya meseji, yaani yabaki yameandikwa.
- Bajeti ya ethi mbali na bajeti ya kifaa. Hapa ndo watu wanakwama.

Hatua ya 1. Anza na ethi, sio na kifaa

Kukodi au kununua ni swali la pili. La kwanza ni ethi, kwa sababu saji protekta haili ule umeme wa ziada, inaugeuzia njia tu kuelekea ardhini. Kama njia ya ardhini haipo basi umenunua mfereji wa bati usio na pa kumwaga maji, mvua ikija yanarudi ndani.

Kwa hiyo fundi apime ethi. Lengo ni omu 10 au chini ya hapo (omu ni kipimo cha ugumu wa umeme kupita, namba ndogo ndo nzuri). Ukikuta 15 au 20 nyumba haijafa, lakini kinga yako inapungua na inabidi uongeze rodi. Ukikuta 100 na zaidi, achana na habari ya kifaa kwanza, tengeneza ethi, na hela ya kifaa isubiri mwezi ujao.

Pima lini? Pima Septemba au Oktoba, ardhi ikiwa imekauka. Ukipima Februari udongo umelowa utapata namba nzuri ya kukufurahisha, alafu radi za mwanzo wa msimu zinakuja ardhi bado kavu. Msimu wetu TMA (mamlaka ya hali ya hewa) wanautabiri kuanzia Novemba mpaka Aprili, kwa hiyo una dirisha la kama miezi miwili ya kujiandaa.

Udongo wetu nao una tabia zake. Mbeya na Rungwe sehemu nyingi ni majivu na kokoto nyepesi za volkano, maji yanapita haraka na juu panakauka, rodi moja ya mita 1.2 inaweza isitoshe. Ongeza ya pili, itenganishe na ya kwanza kwa umbali usiopungua urefu wa rodi yenyewe, ukiweza mara mbili yake ndo vizuri zaidi, alafu uziunganishe kwa waya wa shaba. Kuzibananisha sehemu moja hakusaidii kitu. Iringa mjini upande wa Gangilonga na kwenye miinuko yote yenye mawe makubwa, rodi inagoma kuingia, fundi anaikata nusu anafukia, na wewe hujui. Kaa hapo uangalie. Kama ni mwamba chimba mtaro wa nusu mita kwenda chini, mrefu mita kadhaa, ulaze shaba humo, urudishie udongo mzuri laini, sio kokoto.

Chumvi na mkaa? Vinashusha omu kwa muda, ila chumvi inasombwa na mvua na inakula shaba na klempu. Bora bentonaiti (udongo laini unaoshika maji) kama unaipata, au rodi ya nyongeza. Na usimwage maji ya chumvi siku ya kupima ili namba ipendeze, unajidanganya mwenyewe.

Kosa la kuepuka: fundi anayechukua balbu, anaweka waya mmoja kwenye laivu na mwingine kwenye ethi, balbu ikiwaka anasema "ethi safi". Balbu inawaka hata kwa ethi mbovu ya makumi ya omu, na kama ELCB ipo itaruka. Hicho sio kipimo.

Hatua ya 2. Amua: kukodi, kulipa kidogo kidogo, au kununua

Hii habari ya kukodi ilikotoka ni hivi. Marekani, hasa majimbo ya radi nyingi kama Florida, makampuni ya umeme yanafunga kinga kwenye mita yenyewe, kampuni ndo inamiliki, wewe unalipa dola kadhaa kila mwezi kwenye bili. Kikifa wanabadilisha wao. Mara nyingi kinalenga vitu vya mota kama friji na viyoyozi, vitu laini kama TV na kompyuta wanakushauri uviwekee kinga nyingine ya kwenye soketi. Wengine wananunua cha kwao wanafungiwa na fundi kwenye DB. Na tangu toleo la 2020 la kanuni zao za umeme, nyumba mpya ya kuishi inatakiwa iwe na hiyo kinga, uwe umekodi au umenunua.

Huku kwetu mita ni mali ya TANESCO na hairuhusiwi mtu mwingine kuigusa, kwa hiyo mtu yeyote akija kwako na kifaa cha "kufunga kwenye LUKU" kwa malipo ya kila mwezi, mwambie asante na ufunge geti. Kinga yako inaanzia baada ya mita, kwenye DB, upande ulio wako.

Ila malipo ya mwezi yapo kwa sura nyingine. Mwenye nyumba anafunga alafu anaongeza kidogo kwenye kodi. Fundi anakufungia unamlipa kwa awamu. Mtu wa sola anakuwekea kwenye mkataba wake wa lipa kidogo kidogo. Yote hayo yapige hesabu moja tu. Chukua jumla ya kununua, yaani kifaa, breka, boksi, waya na ufundi, ugawe kwa malipo ya mwezi. Jibu ni idadi ya miezi ambayo baada ya hapo kukodi kunakula hela yako.

Mfano, namba ni za kujifunzia tu weka za kwako: kununua kila kitu 280,000, kukodi 10,000 kwa mwezi. Unapata miezi 28, miaka miwili na miezi minne. Ukikaa miaka mitano, kukodi kumekutoa 600,000. Kununua ni 280,000, na tuseme katikati moduli (kile kipande cha kifaa kinachofanya kazi yenyewe ya kinga) imekufa ukanunua nyingine 70,000, jumla 350,000. Nyumba ni yako? Nunua, usiumize kichwa. Nyumba ya kupanga na unajua mwakani unahamia Makambako kikazi? Hapo malipo ya mwezi yanaweza kukufaa, au ununue kifaa chako kwenye boksi lake dogo ambacho fundi atakifungua siku ya kuhama ukaondoka nacho. Mkubaliane na mwenye nyumba mapema, maana DB ni yake na kitu kilichofungwa ukutani huwa kinaleta ugomvi siku ya kuondoka.

Wapangaji wengi kwenye LUKU moja, kama nyumba nyingi za Mwanjelwa na Soweto, changeni mnunue kimoja cha kwenye DB kuu. Msiwekeane kila mtu cha kwake chumbani wakati kwenye DB kuu hamna kitu.

Kama bado unataka kukodi, haya yaulize kabla hujatoa hata mia:

- Moduli ikifa nani anabadilisha, na ndani ya siku ngapi? Februari siku tatu bila kinga ni nyingi.
- Ethi nani anaipima na kuitengeneza? Kama mkataba haugusi ethi, unalipia kopo.
- Friji ikiungua kinga ikiwepo, unalipwa? Kwa ushahidi gani? Wengi wanataka risiti ya friji na maandishi ya fundi, na wanatoa nje kabisa radi iliyopiga nyumba moja kwa moja.
- Nikimaliza kulipa kinakuwa changu, au nalipa milele?

Akijibu kwa kuzungukazunguka, nunua cha kwako.

Alafu jamani, msiagize kifaa cha nyumba kutoka Marekani hata kama ndugu anakitoa bure. Kule waya wa laivu kwenda nyutro (waya wa kurudishia umeme) ni volti 120, kifaa kimetengenezwa kwa hiyo, ukikifunga kwenye 230 yetu kinaungua siku hiyo hiyo na kinaweza kuwasha moto.

Hatua ya 3. Chagua kifaa dukani

Usisome rangi ya boksi, soma maandishi ya kwenye kifaa. Unatafuta haya:

1. Aina ya 2, kinaandikwa T2. Hii ndo ya kwenye DB ya nyumba. T1 ni ya jengo lenye kinga radi juu ya paa au laini ya juu iliyo wazi sana, kipo pia kinachounganisha T1 na T2, ni bei zaidi. T3 ni ya karibu na kifaa, peke yake haitoshi nyumba.
2. Namba ya kiwango IEC 61643-11. Isipokuwepo, rudisha.
3. Uc, volti inayoweza kukaa muda wote. Utakuta 275, 320 au 385. Kama kwako umeme unapanda usiku watu wakilala, chukua 320 au 385, ile ya 275 itachoka mapema.
4. Up, volti inayopita baada ya kinga kufanya kazi. Iwe kilovolti 1.5 au chini. Vifaa vya elektroniki huwa vinahesabiwa kuvumilia hiyo 1.5, friji na pasi karibu 2.5.
5. In (saji inayoweza kuibeba mara nyingi) ya kiloampea 20 na Imax (kubwa kabisa ya mara moja) 40 inatosha nyumba. Ukiona kifaa chepesi cha bei ya chips mayai kimeandikwa 100, hicho ni uongo.
6. Muundo wa 1+1 kwa njia moja, au 3+1 kwa njia tatu. Hapa tulia kidogo. Nyumba nyingi zinategemea ethi yake yenyewe ya rodi. Kwenye ethi ya namna hiyo ukiunganisha moduli ya kawaida kutoka laivu kwenda ethi moja kwa moja kabla ya ELCB, siku ikifa kwa kushikana ndani, yaani shoti, umeme unaingia kwenye ethi na breka haikati kwa sababu udongo una omu nyingi, na bodi ya friji na bomba la chuma vinakuwa na umeme. Watu wanaweza kufa. Kwenye 1+1 moduli moja inakaa kati ya laivu na nyutro, ya pili ambayo ni ya gesi inakaa kati ya nyutro na ethi, imeandikwa N-PE. Ukikuta moduli mbili zinafanana kabisa maandishi, hiyo sio 1+1.
7. Moduli za kuchomoka, zenye kidirisha cha rangi. Kijani ni nzima, nyekundu imekufa. Za kuchomoka unabadilisha moduli tu bila kubomoa nyaya.

Dai risiti ya EFD, andika nyuma tarehe na jina la kifaa. Na friji gadi sio saji protekta. Friji gadi inakata umeme ukishuka au kupanda kwa muda, inachukua sekunde au sehemu ya sekunde. Saji ya radi imekuja na kuondoka ndani ya sehemu kadhaa za milioni ya sekunde, friji gadi hata haijashtuka. Unahitaji zote mbili.

Hatua ya 4. Siku ya kufunga

Hii ni kazi ya fundi, wewe kazi yako ni kusimama pembeni na kuangalia mambo haya.

1. Azime mein swichi na apime kwa mita kwamba hamna umeme. Ajue kwamba waya unaotoka LUKU kuja juu ya mein swichi bado una umeme hata mein swichi ikiwa chini. Hapo hapaguswi.
2. Kinga ikae baada ya mein swichi na kabla ya ELCB. Kwenye DB ambazo mein swichi na ELCB ni kitu kimoja, kuna njia mbili: kuongeza swichi ya kuzimia kabla yake, na hiyo inataka umeme ukatwe huko nje kwa utaratibu wa TANESCO, au kuifunga baada ya ELCB ukubali kwamba siku za radi ELCB inaweza kuruka. Njia ya pili sio mbaya kwa kuanzia.
3. Breka au fyuzi ya kinga iwe ya peke yake, ukubwa ule ulioandikwa kwenye karatasi ya kifaa, nyumba nyingi inaangukia ampea 32 mpaka 63. Asichangie breka ya soketi.
4. Nyaya ziwe fupi. Narudia, fupi. Kutoka laivu mpaka kwenye kifaa, na kutoka kwenye kifaa mpaka kwenye baa ya ethi, jumla isizidi sentimita 50. Kila mita ya waya inaongeza karibu volti 1,000 wakati saji inapita, kwa hiyo fundi akikuachia mita moja na nusu imekunjwa vizuri kama nyoka ndani ya boksi, ile Up ya 1.5 uliyolipia imeshafika 3 na TV yako haina ulinzi. Waya wa ethi uwe shaba ya mm 6 au zaidi, unyooke, usikunjwe kona kali, usizungushwe.
5. Ethi ya kinga iingie kwenye baa ile ile ya ethi ya nyumba. Mafundi wengine wanapigilia rodi mpya ya kinga peke yake nyuma ya nyumba bila kuiunganisha na ile ya zamani, wanaona wamekupendelea. Radi ikija, rodi moja inapanda maelfu ya volti na nyingine iko chini, tofauti hiyo inapita ndani ya vifaa vyako. Rodi ziwe nyingi utakavyo ila zote ziunganishwe.
6. Akaze skrubu zote, avute kila waya kwa mkono.
7. Awashe, kidirisha kiwe kijani, abonyeze kitufe cha kujaribu cha ELCB iruke. Piga picha, andika tarehe kwa maka peni ndani ya mlango wa DB.

Kinga ya kwenye DB inafanya kazi vizuri kama mita 10 za waya kutoka ilipo. Kama una banda la kuku, jiko la nje au pampu ya kisima huko bondeni, kule kwenye DB ndogo kiwekwe kingine.

Hatua ya 5. Ziba milango mingine

Wengi wanafunga DB alafu TV inaungua na wanasema kinga ni utapeli. Kumbe radi imeingia kwa kebo ya dishi. Dishi liko juu ya bati, kebo yake ni ya shaba, inaingia moja kwa moja kwenye king'amuzi na king'amuzi kimeshikana na TV kwa HDMI. Kuna kinga ndogo za kebo ya dishi, ifungwe pale kebo inapoingia ndani na ethi yake iende kwenye baa ile ile. Ukikosa, chomoa kebo ya dishi mapema, sio plagi ya ukutani tu.

Intaneti ya faiba yenyewe haileti saji kwa sababu ni kioo, lakini ile ya kidishi juu ya nguzo inakuja na kebo ya shaba mpaka kwenye ruta, hiyo ichukulie kama dishi la TV. Wenye sola juu ya paa, nyaya za paneli zinataka saji protekta ya DC, ile ya AC ya kwenye DB haifai huko kabisa, inaweza kushika moto.

Hatua ya 6. Msimu ukianza

Kila wiki tupia jicho kidirisha, na kila baada ya radi ya karibu. Kinga inachoka kidogo kidogo kila inapofanya kazi, kwa hiyo kufa kwake ni kawaida, usilaumu duka.

Radi ikiwa bado mbali chomoa TV, king'amuzi na kompyuta hata kama una kinga. Namna ya kujua umbali: hesabu sekunde kuanzia mwanga mpaka mngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ukihesabu ikafika chini ya 30 radi iko ndani ya kilomita 10, hapo usishike tena waya wala plagi, usitembee nje kwenda kugusa ethi, acha vitu vilivyo. Friji ni kitu, wewe ni mtu. Hii niseme hasa kwa wanaotuma watoto wakimbilie kuchomoa TV wakati radi ziko kichwani: usimtume mtoto.

Matatizo yanayojitokeza na cha kufanya

*Kidirisha kimekuwa chekundu.* Moduli imemaliza kazi. Umeme utaendelea kuwaka kama kawaida ndo maana watu wanakaa nayo miezi, lakini huna kinga. Zima, fundi achomoe, uweke moduli yenye maandishi yale yale, Uc ile ile.

*Breka ya kinga inaruka na haipandi.* Moduli imeshikana ndani. Usiilazimishe, na usiweke breka kubwa zaidi. Iache chini, nyumba itaendelea kuwaka, badilisha moduli.

*ELCB inaruka kila radi ikipiga.* Kinga imefungwa baada ya ELCB. Suluhisho ni kuihamishia kabla yake ikiwa ya 1+1, au ELCB ya aina ya S isiyoshtuka haraka. Usiitoe ELCB ukaunganisha moja kwa moja, hiyo ndo inayookoa maisha.

*Kidirisha kijani lakini kitu kimeungua.* Pita kwa mpangilio: kiliingia kwa kebo ya dishi au intaneti? Nyaya za kinga ni ndefu? Ethi ina omu ngapi leo? Kifaa kiko zaidi ya mita 10 kutoka DB? Mara nyingi jibu limo humo.

*Taa zinawaka kali kupita kawaida, nyingine zinapasuka, alafu kinga inaungua na moshi.* Hii sio radi. Nyutro imekatika huko nje kwenye laini na nyumba inapokea volti zinazoelekea 400. Zima mein swichi mara moja, piga TANESCO, waambie jirani nao wazime. Saji protekta haikutengenezwa kwa hilo na itakufa ikijaribu. Kinachosaidia ni kifaa cha kukata umeme ukizidi au kupungua, kinafungwa kwenye DB hiyo hiyo kama mein swichi, na kwa huku kwetu ukibaki na hela baada ya ethi na saji protekta, hicho ndo kifuate.

*Bomba au bodi ya friji inatekenya mkono.* Zima mein swichi, usioge, usimruhusu mtu kugusa. Inawezekana moduli imeshikana kwenda ethi au ethi imekatika. Fundi apime kabla ya kuwasha tena, hata kama ni usiku na mnakaa giza.

*Moduli haipatikani.* Mtu wa dukani atakupa "inayofanana". Kama Uc na muundo havilingani usichukue, bora kukaa wiki mbili unachomoa vitu kwa mkono ukisubiri mzigo. Ndo maana unaponunua kifaa Oktoba, nunua na moduli moja ya akiba ya upande wa laivu siku hiyo hiyo, iweke juu ya DB kwenye mfuko wake pamoja na risiti.